Mtikisiko Mmoja, Majirani Watano

Alhamisi ya tarehe 11 Juni 2009 mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki walisoma bajeti zao siku moja, kama ilivyokuwa desturi ya jumuiya. Nairobi alisimama Uhuru Kenyatta, Dodoma Mustafa Mkulo, Kampala Syda Bbumba. Ilikuwa imepita miezi tisa tangu benki ya Lehman Brothers ifilisike huko New York, na kila mmoja wao alikuwa na msiba huo wa kusingizia. Lakini ukiziweka bajeti zile tatu mezani pamoja, utadhani zinatibu wagonjwa wasiofahamiana. Kenya ilikuwa inapanga kuchimba mabwawa ya samaki majimboni. Tanzania ilikuwa inawabeba wanunuzi wa pamba na kahawa waliopata hasara. Uganda iliendelea na mambo yake, bila mpango wowote mkubwa wa dharura wa kutangazwa kwa ngoma.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu tofauti hizo ni mepesi: nchi iliyojifungamanisha zaidi na masoko ya dunia iliumia zaidi, na iliyojifungia ilisalimika. Takwimu za haraka zinayaunga mkono. Uchumi wa Kenya, wenye soko kubwa la hisa kuliko yote ya ukanda huu, ulikua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007, na mwaka 2008 ukashuka chini ya asilimia 2. Tanzania, ambayo wakati ule haikuruhusu mgeni kununua dhamana za serikali, ilitoka asilimia 7.4 mwaka 2008 hadi asilimia 6 mwaka uliofuata. Hesabu inaonekana imekwisha. Mimi sidhani kama imekwisha, na sababu ya kwanza ni kalenda.

Kenya haikuangushwa na Lehman. Iliangushwa na Kenya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu elfu moja, zikafukuza mamia ya maelfu makwao, zikafunga barabara kuu ya Bonde la Ufa na kuziacha tupu hoteli za Mombasa na Malindi katikati ya msimu wa watalii. Mkataba wa kugawana madaraka ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, zaidi ya miezi sita kabla ya Lehman kufunga milango. Kisha mvua zikagoma. Mwaka 2009 ulikuwa wa ukame, mgao wa umeme na mahindi ya kuagiza nje. Mtu anayeichukua asilimia ile moja na ushee ya 2008 na kuiandika kwenye hesabu ya mtikisiko wa dunia anaisamehe siasa ya Kenya deni kubwa.

Mahali ambapo dunia kweli iliigusa Kenya ni kwenye hisa. Safaricom iliuza hisa bilioni 10 kwa umma mwaka 2008, kila moja kwa shilingi 5. Watu walipanga foleni, wengine kwa mikopo ya benki, wakaomba mara kadhaa ya kilichokuwepo, na wengi wakapata sehemu ndogo tu ya walichoomba huku riba ikihesabiwa. Hisa ziliingia sokoni Juni. Mapema mwaka 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Kielelezo cha soko la Nairobi, ambacho Januari 2007 kilipita 6,000, kilishuka chini ya 2,500 mwezi Machi 2009. Wawekezaji wa nje walikuwa wanauza si kwa sababu kampuni za Kenya zimeoza, bali kwa sababu makwao walidaiwa na walihitaji fedha taslimu. Mtu anayedaiwa huuza kinachouzika. Aliyebaki na karatasi ni mwalimu au muuza duka aliyekopa ili awe mwenye hisa kwa mara ya kwanza maishani.

Kwa upande mwingine, njia ambayo kila mtu aliihofia haikuleta balaa lililotabiriwa. Fedha ambazo Wakenya walioko ughaibuni hutuma nyumbani, nyingi zikitoka Marekani, zilikuwa dola milioni 611 mwaka 2008 na dola milioni 609 mwaka 2009. Yaani zilisimama palepale, katika mwaka ambao Marekani ilikuwa inapoteza ajira kwa mamilioni. Wachumi wana maelezo yao kuhusu hilo. Aliyewahi kuwa na ndugu ughaibuni anajua kwamba ada ya shule ya mdogo wako haingoji soko la nyumba la Florida litengemae, na kwamba kule anayebana matumizi ni yule anayetuma.

Chai nayo ilifanya kioja chake. Ukame uleule uliomaliza ng'ombe wa wafugaji ulipunguza majani kwenye mashamba, bei kwenye mnada wa Mombasa ikapanda, na mapato ya chai ya Kenya ya 2009 yakawa makubwa kuliko ya mwaka uliotangulia. Maua ya Naivasha hayakubahatika hivyo: Mzungu akibana bajeti hupunguza maua kabla ya chai.

Sasa tuitazame Uganda, maana hapo ndipo maelezo yale mepesi yanapovunjika. Uganda ndiyo iliyokuwa wazi kuliko wote. Tangu 1997 mtu wa nje aliweza kuingiza fedha Kampala, kununua dhamana za serikali zenye riba nono, na kuondoka siku anayotaka. Mwishoni mwa 2008 wageni hao waliondoka. Shilingi ya Uganda, iliyokuwa karibu 1,600 kwa dola katikati ya mwaka huo, ilikaribia 2,000 ulipofika Desemba na ikapita hapo mwaka uliofuata. Kama uwazi wa soko la fedha ndio uliokuwa ugonjwa, Uganda ingepaswa kulazwa. Badala yake ilikua kwa takriban asilimia 7 katika mwaka wa fedha 2008/09, ikawa mbele ya Tanzania iliyofunga milango na mbele sana ya Kenya.

Kwa nini? Gavana wa Benki Kuu, Emmanuel Tumusiime-Mutebile, aliiacha shilingi ishuke, akiuza dola kidogo tu za kupunguza kishindo. Hilo lilisaidia. Lakini sababu kubwa ilikuwa barabarani, kwenye malori ya kwenda kaskazini na magharibi. Sudan Kusini, iliyotoka vitani mwaka 2005 na kuanza kupata mgawo wake wa fedha za mafuta, ilikuwa inanunua kila kitu: saruji, mabati, unga, bia, mayai, magodoro. Kongo ya mashariki nayo ilikuwa inanunua. Biashara ya mipakani isiyopita kwenye makaratasi rasmi, ile ya baiskeli, vichwa na malori ya usiku, ilihesabiwa na takwimu za Uganda zenyewe kuwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka katika 2008 na 2009. Mteja wa Juba hakuwa na habari na mikopo ya nyumba ya Wamarekani. Shilingi iliposhuka, bidhaa za Uganda zilizidi kuwa rahisi kwake.

Kilichoitikisa Uganda kweli katika kipindi hicho kilitokea Januari 2008, pale vijana wa mtaa wa Kibera, Nairobi, walipong'oa reli inayopeleka mizigo Kampala na mafuta ya magari yakaadimika nchini humo. Jirani huyo, Kenya, alikuwa mteja wake mkubwa na pia koo lake la kupumulia. New York ilikuja baadaye, na kwa nguvu ndogo.

Tanzania ina sifa ya kuwa ilijilinda. Ni kweli kwamba kwenye dhamana za serikali hakukuwa na fedha za wageni za kukimbia, kwa sababu hazikuruhusiwa kuingia. Soko la hisa la Dar es Salaam lilikuwa dogo kiasi kwamba wakati Nairobi inaporomoka, huku kwetu NMB ilikuwa inauza hisa zake kwa umma na waombaji wakazidi hisa zilizokuwepo. CRDB ikaingia sokoni Juni 2009. Lakini kutokuibiwa kwa sababu huna kitu ndani hakumfanyi mtu kuwa na kufuli imara. Benki zetu, kama za Kenya na Uganda, hazikuwa na zile hati za mikopo ya nyumba zilizowaua wakubwa. Zilikopesha kutokana na amana za wateja wao, na nyingi zilipenda zaidi kuikopesha serikali kuliko mtu yeyote. Uzembe wa kutomkopesha mkulima, tunaoulalamikia kila siku, mwaka ule uliitwa uimara wa sekta ya fedha.

Bahati ya Tanzania ilikuwa dhahabu. Dunia inapoogopa hununua dhahabu, na bei ilipanda kutoka wastani wa chini ya dola 900 kwa wakia mwaka 2008 hadi kupita dola 1,100 mwishoni mwa 2009. Takwimu za mauzo ya nje zikashikiliwa na migodi ya Kanda ya Ziwa, huku chini yake mambo mengine yakilegea. Watalii walipungua kutoka takriban 770,000 hadi 714,000. Tanzanite, ambayo soko lake kubwa ni Marekani, ilikosa wanunuzi, na machimbo yake ya Mererani yakapoa. Na pamba ikaanguka.

Pamba inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndiyo iliyozaa sera. Msimu wa kununua unafunguliwa katikati ya mwaka. Mwaka 2008 wenye vinu vya kuchambulia pamba wa Shinyanga na Mwanza walikopa benki wakati bei ya dunia ikiwa juu, wakanunua kwa wakulima, na kabla hawajamaliza kuuza marobota nje, bei ikaporomoka. Hasara ya kwanza, basi, ilikuwa yao na ya benki zilizowakopesha. Tarehe 10 Juni 2009, siku moja kabla ya bajeti, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7. Ndani yake mlikuwa na fidia ya hasara kwa wanunuzi wa pamba na kahawa, dhamana za serikali ili benki ziwape wadaiwa muda zaidi, na mikopo nafuu kwa biashara zilizoyumba.

Kiuchumi hoja ilikuwepo: usipomwokoa mnunuzi, msimu unaofuata hana mtaji, na mkulima atabaki na pamba yake ghalani. Lakini fidia ilipitia juu, kwa kampuni na benki, na mkulima aliambiwa asubiri itiririke. Kuna kitu kingine kilichokosekana, nacho ni orodha. Bungeni swali la nani hasa walinufaika liliendelea kuulizwa miaka kadhaa baadaye. Mpango wa kuokoa uchumi ambao walipa kodi hawawajui waliookolewa ni msaada wa kawaida uliovaa suti.

Kenya ilikwenda njia ya chini, au angalau ilijaribu. Mpango wake wa kuchochea uchumi ulikuwa wa shilingi bilioni 22 za Kenya, zikigawanywa kwa majimbo 210: masoko ya mazao, vituo vya afya, madarasa, mabanda ya jua kali, na yale mabwawa ya samaki. Machi 2009 Waziri Mkuu Raila Odinga alikuwa amekwisha kuzindua Kazi kwa Vijana, yaani kuwalipa vijana kwa kusafisha mitaro na kukarabati barabara. Benki Kuu nayo ikashusha riba yake kutoka asilimia 9 mwishoni mwa 2008 hadi asilimia 7 mwaka mmoja baadaye. Mabwawa mengi yalikauka baada ya wafadhili wa sera kugeuka, na Kazi kwa Vijana ikaandamwa na tuhuma za fedha kupotea. Hata hivyo naona Kenya ilifikiri vizuri kuliko sisi kwa jambo moja: iliuliza fedha zitafika wapi kabla ya kuuliza zitampa nani nafuu. Na iliweza kujikopesha. Februari 2009, soko la hisa likiwa shimoni, iliuza hatifungani ya miundombinu ya shilingi bilioni 18.5 na wanunuzi wa ndani wakaomba zaidi ya zilizokuwepo. Nchi jirani hazikuwa na akiba za pensheni na bima za ukubwa ule wa kuziita zije zijenge barabara.

Rwanda, kwa upande wake, ilikua kwa zaidi ya asilimia 11 mwaka 2008, kisha kasi ikapungua karibu nusu. Sehemu ya sababu ni benki zake zenyewe, zilizokuwa zimekopesha kwa muda mrefu kutokana na amana za muda mfupi. Burundi ilifutiwa madeni Januari 2009, na hilo liliigusa kuliko chochote kilichotokea Wall Street.

Ukitaka kuona mtikisiko wa dunia ukimpiga mtu uso kwa uso, hapana budi kuvuka Ziwa Tanganyika. Tarehe 2 Julai 2008 tani ya shaba iliuzwa London kwa karibu dola 9,000. Desemba ilikuwa chini ya dola 3,000. Katika Katanga, kusini mwa Kongo, kuanzia Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi, uchumi mzima ulikuwa umejengwa juu ya bei ile ya Julai. Kampuni ndogo na za kati zilifunga moja baada ya nyingine, viwanda vidogo vya Wachina vya kuyeyushia madini vikazimwa, na wachimbaji wa mikono, wanaoitwa kule creuseurs, wakabaki na magunia ya mawe yasiyo na mnunuzi. Hao hawahesabiwi kwenye takwimu za kupunguzwa kazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaandika kazini.

Serikali ya Kinshasa ilipata pigo hilo mikono ikiwa imejaa. Oktoba 2008 waasi wa Laurent Nkunda walikuwa wanaisogelea Goma, na vita havingoji mapato ya madini. Kodi zikapungua, matumizi yakapanda, na mwanzoni mwa 2009 akiba ya fedha za kigeni ya nchi ile kubwa ilibaki ya kununulia bidhaa za nje kwa siku chache tu. Linganisha na Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo kila moja ilikuwa na akiba ya takriban miezi mitatu au zaidi. Machi 2009 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Kongo mkopo wa dharura wa karibu dola milioni 195. Kenya ilipata dola milioni 209 na Tanzania dola milioni 336 mwezi Mei kutoka dirisha hilohilo. Kwa Kenya na Tanzania huo ulikuwa mto wa kulalia. Kwa Kongo ulikuwa pumzi.

Kongo haikuwa na soko la hisa wala wageni wanaonunua dhamana zake za serikali. Kwa kipimo kile cha kujifungamanisha na masoko ya fedha, ilikuwa imejitenga kuliko Tanzania. Na ndiyo iliyokaribia kuzama.

Ng'ambo ya mpaka, Zambia ilikuwa na shaba ileile na bei ileile. Mgodi wa Luanshya ulifungwa, wafanyakazi zaidi ya 8,000 wa migodi wakapoteza ajira, na kwacha ikatoka chini ya 3,500 kwa dola hadi kupita 5,500 ndani ya mwaka mmoja. Hata hivyo uchumi wake wa 2009 ulikua kuliko wa 2008, kwa zaidi ya asilimia 6. Mgodi mpya wa Lumwana ulikuwa umeanza kuzalisha, mahindi yalikubali, na nchi ilikuwa imekwisha kufutiwa sehemu kubwa ya madeni yake miaka michache nyuma, wakati Kongo ilisubiri hadi 2010. Hapo inaonekana kwamba shaba peke yake haikuamua. Kilichoamua ni kilichokuwa kando ya shaba.

Lakini Zambia ililipa kwa njia ambayo haikuonekana mwaka ule. Aprili 2008 ilikuwa imeanzisha kodi ya faida ya ghafla kwa kampuni za madini, ya kupanda kadiri bei inavyopanda. Bei ilipoanguka, kampuni zilitishia kufunga, na bajeti ya Januari 2009 ikaifuta kodi hiyo. Kwa bei ya dola 3,000 kodi ile isingedai hata senti; ilitungwa kwa ajili ya miaka ya neema, kwa hiyo kuifuta hakukumpunguzia mzigo mwenye mgodi wa siku ile. Kulimpa zawadi ya miaka iliyofuata. Mwishoni mwa 2009 shaba ilikuwa imerudi juu ya dola 7,000, na Februari 2011 ikapita dola 10,000, rekodi ya wakati huo. Kodi haikurudi. Sioni uamuzi ulioigharimu nchi yoyote ya ukanda huu kuliko huo, na ulifanywa ndani ya wiki chache za hofu.

Kwa hiyo kama ni lazima kumtaja aliyevumilia vizuri, mimi namtaja Mganda, na simpi sifa gavana peke yake. Aliyekuwa na wateja majirani wanaonunua unga na saruji alisimama. Aliyekuwa na mteja mmoja wa mbali anayenunua madini, bila kitu kingine kando yake, alianguka, awe amefungua soko la fedha au amelifunga.

Ila kulinganisha kunategemea unaifunga hesabu mwaka gani. Ukiifunga 2010, kila waziri ana la kujivunia. Iache wazi hadi 2011 na picha inachafuka. Riba zilizoshushwa ili kuamsha uchumi zilikaa chini muda mrefu mno. Ile ya Kenya ilifika asilimia 5.75 mwezi Januari 2011, wakati mafuta na chakula vinapanda na ukame mwingine unaanza. Oktoba dola ilipita shilingi 105 za Kenya, na Desemba Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba hadi asilimia 18. Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20 Kenya na Tanzania. Kwa Uganda, bingwa wangu wa 2009, ulifika asilimia 30 mwezi Oktoba, baada ya uchaguzi wa Februari uliomwaga fedha na baada ya serikali kuchota mamia ya mamilioni ya dola kununua ndege za kivita kutoka Urusi. Akiba iliyoiwezesha Kampala kutulia mwaka 2008 ndiyo iliyolipia ndege hizo. Ili kuuzima moto, Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 23, mabenki yakafuata, na Januari 2012 wafanyabiashara wa Kampala wakafunga maduka kwa siku kadhaa kupinga riba za mikopo yao. Wengi wao ni walewale ambao bidhaa zao za Juba na Goma ziliibeba nchi miaka mitatu kabla.